Ua la tarumbeta au mti wa makadamia: Ni upi unaostahili nafasi bomani?

MSAFIRI anayetoka Bungoma kupitia Webuye hadi Kitale hakosi kuona maboma yaliyopambwa kwa mmea wenye maua makubwa yanayoning'inia mfano wa tarumbeta. Kuna meupe, ya manjano na ya rangi ya waridi. Jua linapotua, maua hayo hutoa harufu nzuri inayoenea ua mzima, na mgeni hawezi kuondoka bila kumsifu mwenye nyumba.

Katika miaka ya karibuni, mmea mwingine umebisha hodi katika maboma hayo. Huo ni mti wa makadamia, ambao wakulima wa Magharibi na Bonde la Ufa wanauona kama njia ya kupunguza utegemezi wao kwa mahindi na miwa.

Mwenye shamba kubwa anaweza kupanda yote mawili bila kuumiza kichwa. Lakini kwa mwenye ploti ya futi 50 kwa 100, ambapo nyumba, choo, zizi na watoto wanaocheza hugombania nafasi, uamuzi wa nini kipandwe karibu na mlango si jambo dogo. Waama, unaweza kuwa uamuzi wa uhai na kifo.

Tuanze na ua la tarumbeta. Mmea huu, ambao wataalamu huuita Brugmansia, asili yake ni Amerika Kusini. Ni wa kudumu na hauhitaji ustadi wowote kuupanda: kata kijiti, kichomeke ardhini wakati wa mvua, na baada ya muda mfupi utakuwa na kichaka chenye maua. Kwa hakika, uhai wake sasa umo mikononi mwa binadamu. Mnamo 2014, aina zake zote ziliorodheshwa kuwa zimetoweka msituni, zikabaki tu katika bustani za watu.

Ila uzuri huo una kasoro kubwa. Kila sehemu ya mmea huu ina sumu: majani, maua, shina, mizizi na hasa mbegu. Sumu zenyewe ni atropini, skopolamini na haiosiamini. Aliyeila hukauka kinywa, mboni za macho hupanuka, ngozi huwa kavu na yenye joto, moyo humwenda mbio na mkojo huziba. Kisha huanza kuona na kuzungumza na vitu visivyokuwepo. Asipotibiwa, anaweza kuzirai na hata kufariki.

Si lazima mtu aumeze ndipo udhurike. Anayepogoa matawi kisha akajifikicha jicho kwa mkono wenye utomvu anaweza kuona kiwi siku nzima, mboni ya jicho moja ikiwa imepanuka kuliko ya pili.

Wakazi wa maeneo haya hawapaswi kuliona jambo hili kuwa geni. Tarumbeta ni ndugu wa mnanaha, lile gugu la mashamba ya mahindi lenye tunda la miiba na maua yanayosimama wima. Sumu za mimea hiyo miwili ni zile zile. Machi 2019, katika eneo la Karamoja nchini Uganda, ng'ambo tu ya mpaka, watu takriban 300 waliugua na watano wakafariki baada ya kula unga wa msaada uliosambazwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP). Uchunguzi ulibaini kuwa unga huo ulikuwa na sumu za mnanaha.

Sasa tugeukie makadamia. Mti huu ulitoka Australia, na inaelezwa kuwa mlowezi Bob Harries ndiye aliyeuleta Kenya mwaka wa 1946 na kuupanda karibu na Thika. Kutoka huko ulienea Murang'a, Kirinyaga, Embu na Meru. Ni jamaa wa mukima, mti ambao wakulima wa Trans Nzoia wamezoea kuupanda mipakani mwa mashamba yao, na ambao pia asili yake ni Australia.

Tofauti na tarumbeta, makadamia hudai subira. Mche uliotokana na mbegu huweza kukaa miaka saba au zaidi kabla ya kuzaa. Mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa na kikonyo cha mti unaojulikana kuzaa vizuri, huanza kutoa mazao kati ya mwaka wa tatu na wa tano. Baada ya hapo, mti huendelea kumlisha mwenyewe kwa miongo mingi, na pengine wajukuu wake pia.

Hata hivyo, kinachofaa Kitale si lazima kifae Bungoma. Mji wa Kitale uko mita takriban 1,900 juu ya usawa wa bahari, ilhali Bungoma uko mita takriban 1,400. Makadamia hutaka usiku wenye ubaridi ili kuchanua, na joto kali hudondosha maua. Kwa hivyo, mkulima wa Kapsokwony au Kimilili, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ana hali nzuri kuliko yule wa nyanda za chini za kaunti hiyo hiyo. Kuna aina ya makadamia yenye ganda laini inayostahimili joto kiasi, na ile ya ganda la kukwaruza inayopenda baridi ya juu. Ipo pia michanganyiko ya aina hizo mbili. Kabla ya kununua miche, ni busara kuwauliza maafisa wa kilimo au watafiti wa KALRO, ambao wana kituo mjini Kitale.

Shimo liwe na kina na upana wa futi mbili, nao mti uwe umbali wa mita nane hadi kumi kutoka kwa mwenzake na kutoka kwa nyumba. Maana yake ni kwamba ploti tuliyoitaja haitabeba zaidi ya miti miwili au mitatu. Ikiwezekana, iwe ya aina tofauti, kwani huchavushana na kuzaa zaidi.

Hapa pana mtego kwa mkulima wa mahindi. Amezoea kutia mbolea ya DAP katika kila shimo. Mizizi ya makadamia imeumbwa kufyonza fosfeti katika udongo duni, na ikipewa kwa wingi mti hudhurika, majani yakageuka manjano. Samadi iliyooza vizuri inatosha kwa kuanzia.

Wala mti huu hauna dhamana ya utajiri. Kufikia 2023, wakulima wengi waliokuwa wakilipwa zaidi ya Sh100 kwa kilo walijikuta wakipewa chini ya Sh50. Mwishoni mwa mwaka huo, serikali ililegeza kwa muda marufuku ya kuuza nje makadamia yasiyobanguliwa. Isitoshe, viwanda vingi viko eneo la Kati, mbali na Bungoma. Mwenye miti miwili asitarajie lori kuja mlangoni. Itambidi auze pamoja na majirani. Pia ajihadhari na madalali wanaoshawishi watu kuchuma kokwa changa. Kokwa iliyokomaa huwa na ganda gumu la rangi ya kahawia.

Na kwa wenye mbwa, kuna tahadhari: kokwa za makadamia humletea mbwa udhaifu wa miguu ya nyuma na kutetemeka, ingawa kwa kawaida hupona baada ya siku moja au mbili. Kwa binadamu ni chakula bora, isipokuwa kwa wachache wenye mzio.

Basi, ni upi upandwe? Kwa boma lenye watoto na mifugo, jibu ni wazi. Nafasi iliyo karibu na mlango ni ya makadamia, au mti mwingine wa matunda pale ambapo joto halimruhusu makadamia. Bei ikiwa mbaya, angalau familia itakuwa na kitu cha kutafuna kivulini.

Anayeshindwa kuachana na tarumbeta lake aliweke mbali na jikoni, kisima na malisho. Avae glavu anapopogoa, kisha anawe mikono. Matawi aliyokata asiyachanganye na majani ya kulishia ng'ombe, bali ayafukie. Muhimu zaidi, awaambie watoto na wageni kwamba ua hilo ni la kutazamwa tu. Mtu akilila, asilazimishwe kutapika wala kunyweshwa maziwa. Akimbizwe hospitalini pamoja na kipande cha mmea wenyewe, ili daktari ajue anapambana na nini.

Wahenga walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwa ua la tarumbeta, afadhali ndani mngekuwa na kipande cha mti tu.