Bomu lililolala halijafa



Siku moja, kwenye barabara ya kwenda Sake, nilikuta watoto wanazunguka chuma yenye kutu katika shamba ya viazi. Mkubwa wao akaniambia: "Kaka, hii ilianguka zamani, haikulipuka. Imekufa." Niliwatoa pale polepole, tukaenda kuambia chefu. Lakini lile neno "imekufa" lilinisumbua. Sisi tuliosoma fizikia tuko na deni la kueleza.

Moto wa nyasi kwenye vilima vyetu unatembea kwa joto: shina moja linawasha lingine. Mlipuko wa bomu ni kitu ingine. Ndani ya baruti ngumu kama TNT linapita wimbi la mshtuko, karibu mita 6,900 kwa sekunde, yaani mara 20 hivi ya mwendo wa sauti hewani. Wimbi linabana baruti, baruti inapata moto ghafla na kugeuka gesi, na gesi ile inasukuma wimbi lisichoke. Zeldovich (1940), von Neumann (1942) na Döring (1943), kila mmoja kivyake, walieleza mpangilio huu.

Wimbi linaishi kwa usawa tu. Gesi ikitoroka pembeni mapema, msukumo unapungua na wimbi linazimika njiani. Mara nyingine hata halizaliwi, juu kiwashio hakikufanya kazi.

Njo maana mabomu mengi yanaanguka na kunyamaza. Kilichokosekana ni wimbi. Baruti iko palepale na nguvu yake yote. Kutu haiifanyi salama. Kiwashio kilichobaki nusu njiani kinaweza kumalizia kazi kwa teke moja.

Mbagala, Dar es Salaam, tarehe 29 Aprili 2009, ghala la silaha lililipuka na mabomu yakaruka hadi kwenye makazi ya watu. Walikufa zaidi ya 20. Kule hakukuwa na vita.

Basi, ukiona chuma usiyoijua: usiguse, usitupie jiwe, usiipeleke kwa wanunuzi wa vyuma. Rudi kwa njia uliyojia, zuia wengine, ambia chefu ili wateguaji waitwe.

Leo jioni, ukifika nyumbani, eleza wadogo zako jambo moja tu: bomu ambalo halikulipuka bado linangoja.