Kabla ya Mtambo Kuagizwa: Korosho na Viwanda vya Masasi na Newala

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho, na sehemu kubwa ya neema hiyo ilitoka kusini, katika uwanda wa juu wa Wamakonde na nchi zilizo chini yake, yaani Newala, Masasi na wilaya jirani. Korosho hizo, ghairi ya kiasi kidogo, zilipakiwa melini zikiwa ghafi na kupelekwa India, hasa Kollam katika jimbo la Kerala, ambako mikono ya wanawake ilizibangua, na ujira na faida ya kazi hiyo vikabaki huko huko. Shauri la Serikali la kutaka korosho zibanguliwe mahali zilipoota lilikuwa shauri la haki, wala halistahili kulaumiwa hata leo. Na kwa mikopo ya Benki ya Dunia ya 1974 na 1978 viwanda viliinuliwa mpaka hesabu yake, pamoja na vile vya Dar es Salaam vilivyotangulia, ikafika 12, vyenye uwezo wa kubangua tani zipatazo 113,000 kwa mwaka. Masasi ilipata chake. Newala ilipata viwili.

Mitambo ilitoka Italia na Japani, nayo ilikuwa mitambo hodari kwa kadiri ya wakati wake. Lakini viwanda vya mwisho vilipokuwa vikikamilika, mnamo 1980 na miaka iliyofuata, mavuno ya nchi nzima yalikuwa yamekwisha shuka chini ya nusu ya yale ya 1973/74, na kufika msimu wa 1986/87 yalikuwa tani 17,000 hivi. Wakulima wengi walikuwa wamehamishiwa katika vijiji vya ujamaa mbali na mikorosho yao, bei haikuwatia moyo wa kuipalilia, na ugonjwa wa ubwiri unga ulikuwa ukiyachoma maua kabla hayajatunga. Fauka ya hayo, fedha za kigeni za kununulia vipuri ziliadimika baada ya mafuta kupanda bei na baada ya vita vya Kagera. Viwanda vingine vilifanya kazi kwa muda mfupi kisha vikafungwa, vingine havikupata kubangua hata msimu mmoja kamili, na majengo yake, yaliyokusudiwa kuajiri mamia ya watu, yakageuka kuwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi zinazongoja meli.

Nchi hiyo ya kusini ilikuwa imekwisha kuona jambo la namna hiyo. Nachingwea, jirani ya Masasi, ilikuwa mojawapo ya mahali patatu pa mradi wa karanga ambao Waingereza waliuanzisha mwaka 1947, na ambao mashine zake ziliagizwa na kuteremshwa bandarini kabla ya udongo na mvua kuchunguzwa vya kutosha. Ulipovunjwa mwaka 1951 ulikuwa umekula pauni milioni 36 hivi, na reli iliyojengwa kwa ajili yake ikaja kung'olewa. Nayakumbusha haya mawili kwa sababu siku hizi azma ya kubangua korosho nyumbani imeamka tena, vyama vikuu vya ushirika vya MAMCU upande wa Masasi na TANECU upande wa Newala na Tandahimba vina wanachama wanaouliza kwa nini jasho lao lisafirishwe ghafi, na swali hilo likipata jibu, jibu litakuwa ni kuagiza mitambo. Kuagiza si kazi ngumu, maana wauzaji wako tayari Vietnam, India, China na Italia. Kazi iko katika matayarisho yanayotangulia barua ya kwanza kwa muuzaji.

Mtambo mzima wa kubangua korosho hauchukuliwi rafuni kama cherehani. Ni msafara wa mashine zinazopokezana: ya kusafisha, ya kuchambua ukubwa, ya kupika kwa mvuke au kukaanga katika mafuta ya maganda yenyewe, ya kupasua, ya kupepeta, tanuri la kukaushia, ya kumenya ganda jembamba la ndani, ya kupanga madaraja na ya kufungasha, na mtengenezaji huitengeneza na kuiunganisha kwa kufuata maelezo aliyopewa na mnunuzi. Maelezo yakiwa na taksiri, mashine nayo huzaliwa na taksiri hiyo hiyo, naye mtengenezaji hana lawama, kwa kuwa amefanya alichoambiwa.

Basi jambo la awali ni kuijua korosho yenyewe, na hapa sharti tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi wapitapo mbio. Korosho ina umbo la figo, ganda lake lina tabaka mbili, na katikati ya tabaka hizo mna mafuta makali yachomayo ngozi na kuharibu kiini yakikigusa. Mashine za kupasua zilizobuniwa zamani ziliibana kila korosho kati ya visu viwili vilivyochongwa kwa umbo lake, na kwa hiyo zilidai korosho ziwe zimechambuliwa kwa ukubwa mmoja. Iliyopungua milimita 18 hivi haikupasulika sawasawa, na iliyokuwa kubwa kuliko nafasi yake ilikatwa pamoja na kiini. Mashine za sasa zimeendelea sana, lakini sharti hilo halijafutika. Kilo moja ya korosho ghafi yaweza kuwa na korosho 160, na kilo nyingine, kutoka mikorosho iliyozeeka au iliyougua, ikawa na 220. Mtambo uliopangiwa ile ya kwanza utaivunja hii ya pili, na kiini kilichovunjika huuzwa kwa bei iliyo chini sana ya kiini kizima.

Kwa sababu hiyo, anayekusudia kuagiza hana budi kutumia angalau msimu mmoja mzima akichukua sampuli katika vyama vya msingi vya mabondeni Masasi na vya juu Newala, mwanzo wa mavuno mwezi Oktoba na mwisho wake mvua zinapoingia, akipima mambo manne: idadi ya korosho katika kilo, ukubwa wake na jinsi unavyotawanyika, unyevu, ambao kwa korosho ya kuwekwa ghalani haufai kuzidi asilimia 10, na ratili za kiini chema zitokazo katika gunia la kilo 80. Gunia litoalo ratili 48, kama kilo 22 hivi, ni gunia la kujivunia. Wataalamu wa kumsaidia wako karibu, katika kituo cha utafiti cha Naliendele mkoani Mtwara, ambacho kwa miaka mingi kimeushughulikia mkorosho kuliko zao jingine lolote. Kisha sampuli hizo, magunia kadhaa wala si kiganja kimoja, zipelekwe kwa mtengenezaji, naye azipitishe katika mashine zake mbele ya macho ya mnunuzi, ili asilimia ya viini vizima itakayoandikwa katika mkataba iwe ya korosho za Newala na Masasi, isiwe ya korosho za Vietnam.

Jambo la pili ni ukubwa wa mtambo, nalo ni suala la fedha kabla ya kuwa suala la chuma. Korosho huvunwa kwa miezi mitatu au minne, ilhali kiwanda hutaka kula mwaka mzima. Tuseme mtu ataka kubangua tani 10 kwa siku kwa siku 250: atahitaji tani 2,500, ambazo ni magunia 31,250 ya kilo 80, na yote hayana budi kununuliwa mnadani katika muda huo mfupi, akishindana na wafanyabiashara wa ng'ambo, kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani uliopo tangu 2007. Kwa bei ya shilingi 3,500 kwa kilo, hesabu yafika shilingi bilioni 8.75 kabla hajalipa umeme wala mshahara, na kuna msimu ambapo bei ilipindukia 4,000. Watu hukopa fedha za mashine wakasahau fedha za korosho, na mashine mpya ikanyamaza mwezi wa Machi kwa kukosa cha kubangua. Rai yangu ni kwamba afadhali kuanza na mtambo wa tani 3 au 4 kwa siku, uliopangwa tangu michoro ya kwanza hivi kwamba wa pili wa namna ile ile waweza kusimamishwa ubavuni pake, kuliko kujenga kwa kutegemea mavuno ya mwaka wa baraka. Viwanda vya miaka ya 1970 vilipimwa kwa kilele cha mavuno, na kilele hakikudumu.

Mahali napo pana madai yake. Newala imekaa juu ya ukingo wa uwanda, ikilitazama bonde la Ruvuma, na udongo wake huyanywa maji ya mvua hata yasionekane. Vizazi vya wanawake vilishuka na kupanda genge kwa ndoo moja, na tangu miaka ya 1950 mradi wa maji wa Makonde umekuwa ukiyasukuma kwa pampu kutoka chini. Boila ya mvuke haiwezi kusubiri zamu ya maji. Lazima matangi yajengwe, maji yapimwe chumvi zake ili mabomba yasizibe kwa ukoko, na ikiwezekana ichaguliwe njia ya upikaji isiyotumia maji mengi. Umeme wa kusini kwa muda mrefu umetokana na gesi ya Mnazi Bay inayochomwa Mtwara, na mwishoni mwa njia ndefu volteji hupungua. Mwagizaji aipime kwa majuma kadhaa, mchana na usiku, ampelekee mtengenezaji takwimu hizo, wala asiridhike na nambari iliyoandikwa katika vitabu. Maganda nayo, ambayo ni kama sehemu saba katika kumi za uzito wa korosho, yafikiriwe kabla: hufaa kuwa kuni za boila, lakini moshi wake ni mkali, na wasimamizi wa mazingira watauliza unakwenda wapi.

Kadhalika kuna watu. Mashine haiondoi mikono yote. Kumenya, kuchambua na kupanga madaraja bado kwataka macho na vidole, na aghalabu vya wanawake, ambao meza zao, mwanga wao, glavu zao na hewa wanayovuta havina budi kuchorwa katika ramani ya kiwanda pamoja na mashine, si kutafutiwa nafasi baadaye. Mafundi wawili au watatu kutoka Masasi na Newala kwenyewe wapelekwe kwa mtengenezaji wakati mashine inaunganishwa, waifungue na kuifunga kwa mikono yao, na kitabu cha maelezo kije kwa Kiswahili. Orodha ya vipuri itenganishe beringi, mikanda na mota zinazopatikana Dar es Salaam na vile vipatikanavyo kwa mtengenezaji peke yake. Vya aina hii ya pili vinunuliwe vya miaka miwili pamoja na mtambo, na visu vitengenezewe michoro ambayo karakana ya hapa nchini, kama zile za SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, yaweza kuifuata.

Hayo yote yakiwa yamekusanywa ndipo mkataba uandikwe, na uandikwe kwa majaribio mawili. La kwanza hufanyika kwa mtengenezaji, kwa korosho zilizosafirishwa kutoka huku, kabla mashine haijafungwa katika makasha. La pili hufanyika Masasi au Newala, kwa maji ya hapo, umeme wa hapo na mafundi wa hapo, si kwa saa moja ya sherehe bali kwa majuma, na sehemu yake moja ifanyike kwa korosho za mwisho wa msimu, zile ndogo zilizonyeshewa. Asilimia ya viini vizima, kilo kwa saa na unyevu wa kiini, usiozidi asilimia 5, vyote viwe vimetajwa kwa tarakimu, na sehemu ya bei, tuseme moja katika kumi, ibaki benki mpaka tarakimu hizo zifikiwe. Muuzaji atakayelikataa sharti hili aulizwe sababu kwa upole, kisha barua ipelekwe kwa mwingine.