Uigizaji wa Kinjeketile na Hukumu Zinazogongana za Watazamaji

Katika *Kinjeketile* (1969), tamthilia ya Ebrahim Hussein kuhusu Vita vya Majimaji, mhusika mkuu huyaamini maji, kisha huingiwa na shaka anapong'amua kuwa maneno ya Hongo yanawaweka watu wake chini ya Seyyid Said. Hata hivyo, mwishoni hukataa kuyakana maji mbele ya Wajerumani. Mwigizaji akisisitiza shaka, wapo watakaosema amemdunisha shujaa. Akisisitiza ujasiri, wengine watamlaumu kwa kuifuta shaka aliyoiandika mtunzi. Kwa maoni ya mtafiti, lawama zote mbili hutokana na matini yenyewe, pamoja na historia anayokuja nayo mtazamaji. Masoko, wilayani Rungwe, boma la Wajerumani lipo kando ya ziwa. Wanyakyusa walipigana nao mwaka 1897, lakini hawakujiunga na Majimaji.