Vani ya mizigo kugeuzwa chumba: hesabu ya joto, uzito na sheria mjini Doha

Majira ya baridi yanapoingia nchini Qatar, kuanzia mwezi Novemba hivi, wakaazi wengi wa Doha huelekea jangwani na katika fukwe za Sealine kupiga kambi. Hata kisiwani The Pearl, mtaa wa kifahari uliojengwa juu ya bahari iliyofukiwa, wapo wanaotaka gari moja lifanye kazi mbili: libebe zana, na usiku liwe mahali pa kujinyoosha.

Kwa Waafrika Mashariki wanaofanya kazi katika mji huo, wawe wapiga picha, mafundi au wapiga mbizi, wazo hilo lina mvuto wa pekee, kwani gari lenyewe wanalifahamu tangu utotoni. Ni ile Toyota HiAce, haisi, ambayo Nairobi ni matatu na Dar es Salaam iliitwa kipanya.

Mafundi wetu wamekuwa wakiligeuza gari hili kwa miongo kadhaa, ila kwa mkondo wa kinyume. Vani ya mizigo hufika kutoka Japani ikiwa tupu, hukatwa madirisha, hufungwa viti, nayo huingia barabarani kubeba abiria. Kanuni alizozisimamia waziri wa uchukuzi wa Kenya, John Michuki, mwaka 2004, zililazimisha mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Zilikuja kwa sababu watu walikuwa wakifa ndani ya kazi ya mikono iliyofanywa bila hesabu. Anayegeuza vani kuwa chumba hana budi kuanza na hesabu hiyo hiyo.

Mita tatu kwa moja na nusu

Haisi ya kawaida ya kizazi kilichotoka mwaka 2004 ina urefu wa mita 4.7 na upana wa mita 1.7 kwa nje. Ndani, nyuma ya viti vya mbele, hubaki nafasi ya takriban mita 3 kwa mita 1 na nusu. Mtu mzima hawezi kulala kwa kukingama bila kukunja magoti, kwa hiyo kitanda hufuata urefu wa gari, na zana hukaa chini yake katika droo zinazovutwa kutoka mlango wa nyuma. Yenye paa la juu hufikia karibu mita 2.3 kwa kimo. Mkaazi wa The Pearl anayeegesha chini ya jengo asome kwanza bao la kimo lililoko langoni, kabla hata ya kununua.

Zana ndizo hatari ya kwanza. Mtungi wa hewa wa mpiga mbizi, au sanduku la kamera la kilo 20, likiachwa bila kufungwa gari likagonga kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa, humjia dereva kwa nguvu ya kitu kilichoangushwa kutoka kimo cha mita 10, yaani ghorofa ya tatu. Ndiyo maana ukuta wa chuma nyuma ya dereva usiondolewe kwa ajili ya kupata nafasi, na kila droo iwe na komeo.

Jambo la kuhifadhi maisha na kazi katika chombo kimoja si geni katika maji haya. Kisiwa chenyewe kimepewa jina la lulu, na kabla ya mafuta, majahazi ya Ghuba yalikuwa yakikaa baharini kwa miezi minne ya kiangazi, wapiga mbizi wakilala juu ya sitaha ile ile walikolundika makombe. Miongoni mwao walikuwemo watumwa waliotoka pwani ya Afrika Mashariki. Qatar ilipiga marufuku utumwa mwaka 1952, na tangu mwaka 2015 habari zao zinasimuliwa katika makumbusho ya Bin Jelmood, katikati ya Doha. Msomaji akipita huko, aingie.

Adui ni joto

Vani ni sanduku la bati. Likiachwa juani limefungwa, joto la ndani hupanda kwa nyuzi 20 hivi katika saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo hutokea katika nusu saa ya kwanza. Huko Doha, ambako mwezi Julai nyuzi 42 nje ni jambo la kila siku, maana yake ndani ni zaidi ya 60.

Dawa ya kwanza ni rangi nyeupe na kivuli juu ya paa. Ya pili ni kihami joto: mbao za povu gumu la unene wa milimita 25 au zaidi, zikibandikwa paani na ubavuni kabla ya plaiwudi. Mbavu za chuma nazo zifunikwe, la sivyo joto hupitia humo kama maji katika ufa. Ya tatu ni feni ya paani pamoja na tundu la pili chini, kwa kuwa feni isiyo na mahali pa kuvutia hewa hufanya kelele tu. Kila bati linapokatwa, ukingo upakwe rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo. Hewa ya bahari ya pale haisubiri.

Hata hivyo, kihami joto hucheleweshaji joto tu, hakiliondoi. Hapa ndipo wengi hutaja kiyoyozi, na hapa ndipo hesabu ya umeme inapokuwa chungu. Betri ya lithiamu ya volti 12 na ampia-saa 100 ina takriban kilowati-saa 1.2. Kiyoyozi kidogo cha wati 1,000 huimaliza kwa muda unaozidi saa moja kidogo tu. Paneli ya sola ya wati 200, chini ya jua la Qatar, huzalisha karibu kilowati-saa moja kwa siku. Hiyo inatosha friji ndogo, feni, taa na kuchaji simu, basi.

Wanaoshindwa na hesabu hiyo huacha injini iungurume usiku kucha. Nasema wazi: wasifanye hivyo. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na gari lililozama mchangani au lililo ndani ya gereji huweza kumwua aliyelala kabla hajaamka. Jiko la gesi ndani ya vani iliyofungwa lina hatari hiyo hiyo. King'ora cha kugundua hewa hiyo ni kifaa kidogo, nacho ni cha kwanza kununuliwa.

Starehe au makao?

Kazi hiyo haifanyiki The Pearl. Hupelekwa Sanaiya, eneo la viwanda, kwenye karakana za kuchomelea. Lakini kibali kitangulie: kubadili umbo la gari au matumizi yake kunahitaji idhini ya idara ya trafiki, na gari hukaguliwa katika vituo vya Fahes.

Lipo pia swali zito zaidi. Kulala garini wikiendi jangwani ni starehe, lakini mfanyakazi akiambiwa na mwajiri kuwa vani ndiyo nyumba yake, hilo ni jambo jingine. Kanuni ya Qatar ya mwaka 2014 inataka kila mfanyakazi apate angalau mita za mraba 6 katika makaazi ya kampuni. Vani yetu ina 4 na nusu. Tangu Machi 2021, kima cha chini cha mshahara ni riyali 1,000, na mwajiri asiyetoa makaazi anatakiwa kuongeza riyali 500, na asiyetoa chakula riyali 300. Fedha hizo ni haki, zidaiwe.

Kwa aliyeamua kujenga, zipo shauri mbili za mwisho. Fanicha zote zifungwe kwa bolti katika matundu ya kiwandani, badala ya kuchomelewa, ili zitoke kwa siku moja gari likiuzwa au ukaazi ukikatika. Sisi tulioondoka kwetu kwa haraka tunajua thamani ya kitu kinachofunguka. Na ifikapo mwezi Mei, betri na mtungi wa gesi vitolewe garini, viwekwe mahali penye ubaridi mpaka Oktoba.