Grafu Imetoweka, Takwimu Zipo

Tuchukue ofisi ndogo ya Katindo, hapa Goma, yenye faili la Microsoft Access lililoundwa zamani: wanachama, michango, na ripoti ya mwezi yenye grafu. Kompyuta imebadilishwa, na sasa pale penye grafu pana boksi jeupe. Fundi anayeitwa hukimbilia kufuta Office yote na kuiweka upya. Mara nyingi ni kazi bure, maana hajatafuta kwanza kama kasoro iko kwenye takwimu au kwenye kinachozichora.

Access ya zamani haikuchora grafu yenyewe. Kazi hiyo iliachiwa programu ndogo iitwayo Microsoft Graph, na mchoro wake ukapachikwa ndani ya fomu au ripoti. Ndiyo maana ukifungua ripoti upande wa usanifu unaweza kukuta nguzo za Est, Ouest na Nord ambazo hujawahi kuziandika. Usishtuke: ni takwimu za mfano za Graph.

Nakili faili kwanza. Kisha fungua sifa za grafu na utafute mstari wa « Contenu », kwa kuwa kompyuta zetu nyingi zinazungumza Kifaransa. Hapo pana jina la hoja (requête) inayoilisha grafu, au hoja yenyewe. Iendeshe peke yake. Ikirudi tupu au ikilalamika, iache grafu, haina kosa. Huenda majedwali yameunganishwa na faili lililokuwa kwenye diski ya E, na leo diski hiyo inaitwa F. Gestionnaire de tables liées hurekebisha hilo kwa dakika chache.

Kuna kasoro nyingine inayotusumbua sisi wa Kifaransa zaidi: tarehe. Ndani ya SQL, yaani lugha ya hoja, Access husoma tarehe iliyofungwa kwa alama za # kwa mtindo wa Marekani, mwezi ukitangulia, hata kama Windows yako ni ya Kifaransa. #03/04/2024# ni tarehe 4 Machi, si 3 Aprili. Lakini #25/04/2024# inasomwa 25 Aprili, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25. Basi grafu inakubali mwisho wa mwezi na kukosea au kubaki tupu siku 12 za mwanzo, na watu wanasingizia virusi! Andika #2024-04-03#, mwaka mbele, na utata utaisha.

Hoja ikileta takwimu safi, ndipo umgeukie mchoraji. Bofya grafu mara mbili kwenye usanifu. Ukiletewa ujumbe kuhusu seva ya OLE, huenda Graph haipo au imeharibika. Hapo Réparer ya Office kwenye Panneau de configuration ina maana.

Grafu za PivotChart ni habari nyingine. Microsoft iliziondoa kuanzia Access 2013, kwa hiyo hakuna ukarabati utakaozirudisha. Lazima zichorwe upya. Access 2019 ina grafu za kisasa zisizotegemea Graph, na ni nzuri. Ila hazionekani kwenye matoleo ya nyuma. Kama mwenzako wa Bukavu bado anafungua faili hilohilo kwa Access 2010, baki na grafu ya zamani na urekebishe hoja yake.