Anzia kwenye kikombe, andazi lisubiri

Mtu akishauriwa apunguze sukari, lawama ya kwanza huiangukia keki, kisha halua, pipi, biskuti na mwishowe andazi. Anaviapia vyote, anatembea kifua mbele siku mbili tatu, na kila asubuhi bado anakoroga vijiko vitatu kwenye chai bila kuhisi kwamba amevunja kiapo. Wala si mnafiki. Kwetu chai haihesabiwi kuwa kitu kitamu. Chai ni chai. Hapo ndipo hesabu inapoharibikia. Anayeanza kwa kuondoa sukari anayoinywa, yaani ya chai, soda na juisi, atakuwa amemaliza sehemu kubwa ya kazi hata kabla ya kuligusa andazi. Anayeanza na andazi huku kikombe kikibaki kama kilivyo atateseka sana kwa faida ndogo.

Tuipige hesabu yenyewe. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati yote anayoipata mtu kwa siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 50 kwa kiwango cha kwanza na gramu 25 kwa cha pili. Sukari huru ni ile tunayoitia wenyewe au anayoitia mwenye kiwanda, pamoja na ya asali na ya juisi. Iliyomo ndani ya embe zima au ndani ya maziwa haimo katika hesabu. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba gramu 4, ingawa ni nani anayesawazisha kijiko nyumbani kwake? Tuseme yupo. Vijiko vyake vitatu katika kikombe cha asubuhi na vitatu katika cha jioni ni gramu 24, na kiwango cha pili cha Shirika kimeshamalizika kabla hajaweka tonge mdomoni. Mchana akinywa soda moja ya mililita 350, ameongeza gramu 35 au zaidi, na sasa amevuka hata kile kiwango cha kwanza. Andazi je? Nusu kilo ya unga hukandwa kwa kama gramu 100 za sukari na kutoa maandazi 16 hadi 20, kwa hiyo moja halizidi sana gramu 5 au 6. Andazi lina kesi yake ya mafuta, lakini hiyo ni kesi nyingine.

Zaidi ya wingi, kuna namna mwili unavyoipokea sukari. Kinachotafunwa na kinachonywewa havishibishi sawa hata vikiwa na nishati ile ile. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walichapisha jaribio dogo la watu 15. Kwa wiki nne watu hao walikula pipi laini zenye kilokalori 450 kila siku, na kwa wiki nyingine nne walipata kiasi kile kile katika soda. Wakati wa pipi, bila kuambiwa na yeyote, walijikuta wakipunguza chakula kingine hadi mizani ikakaa sawa. Wakati wa soda hawakupunguza kitu. Nishati ya soda ilipanda juu ya chakula cha kila siku na uzito ukapanda nayo. Watu 15 ni wachache, na hakuna mwenye busara atakayejenga sera juu yao peke yao, lakini tafiti kubwa za vinywaji vitamu zilizofuata zimeelekea huko huko.

Watu wa pwani wanaijua tofauti hiyo kwa vitendo, hata kama hakuna aliyeiandika. Nenda Jaws Corner katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, au kijiwe chochote cha kahawa Tanga au Kariakoo. Muuzaji anainua dele juu ya makaa, anamimina kahawa nyeusi kwenye kikombe kidogo kisicho na mkono, na hakuna anayeuliza sukari iko wapi. Pembeni kuna sinia la kashata za nazi na za karanga zilizokatwa vipande. Mtu anatafuna kipande kimoja, pengine nusu, na juu yake vinapita vikombe viwili vitatu vya kahawa chungu huku bao na siasa vikiendelea. Kashata ni sukari tupu, sitaitetea. Ila inaonekana kwa macho, inalipiwa, inatafunwa na inakwisha. Mzee huyo huyo akirudi nyumbani akapewa chai isiyo na sukari atauliza kama kuna msiba wa duka. Basi wanaosema ulimi wetu haukuumbwa kwa kinywaji cha moto kisicho na sukari, wapite barazani kwanza.

Wapo watakaopinga kwa hoja ya kitaalamu, kwamba sukari haileti kisukari na kwamba tatizo letu ni wanga: sahani ya wali iliyofanya kilima, ugali wa kukata na shoka. Hoja hiyo ina kweli ndani yake. Kisukari cha aina ya kwanza hakitokani na sukari wala na kosa lolote la mgonjwa, na cha aina ya pili kina mambo mengi nyuma yake: uzito, urithi, umri, kukaa kutwa bila kutembea. Lakini mwaka 2015 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi uliojumlisha tafiti nyingi, ukaonyesha kwamba kila kinywaji kimoja cha sukari kwa siku kiliendana na ongezeko la asilimia 18 la hatari ya kisukari cha aina ya pili. Na tofauti za unene wa watu zilipoondolewa kwenye hesabu, ongezeko lilibaki asilimia 13. Kuendana si kusababisha, na wanaokunywa soda nyingi huwa na mazoea mengine pia. Hata hivyo, katika kanda ya Afrika, ambayo Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kuwa na watu wazima milioni 24 wenye ugonjwa huo, zaidi ya nusu yao bila kujua kuwa wanao, kusubiri uthibitisho usio na doa ni anasa. Na hakuna anayeambiwa achague. Sahani ya wali nayo ipunguzwe. Tofauti ni kwamba wali ni mlo, na vijiko sita vya sukari si mlo wa mtu.

Ushahidi unaonivutia zaidi haukutoka maabara. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia serikali ya Uingereza iligawa sukari kwa kadi kuanzia 1940, na mgao huo haukuisha hadi Septemba 1953. Ulipoisha, matumizi ya mtu mzima yaliruka kutoka kama gramu 40 kwa siku hadi kama gramu 80 katika muda mfupi, huku vyakula vingine vingi vikibaki karibu kama vilivyokuwa. Mchumi Tadeja Gracner na wenzake wakaona kwamba historia imewafanyia jaribio ambalo hakuna kamati ya maadili ingeliruhusu: watoto waliotungwa mimba na kuanza maisha kabla tu ya tarehe ile, na wenzao wa baada yake. Walifuatilia rekodi za afya za watu wapatao 60,000 na kuchapisha matokeo katika jarida la Science mwaka 2024. Waliopitia mgao tangu tumboni na utotoni walikuwa na hatari ya kisukari cha aina ya pili iliyopungua kwa kama asilimia 35, na ya shinikizo la damu kwa kama asilimia 20, miaka hamsini na zaidi baadaye. Tena hawakuwa na njaa. Kiwango chao cha sukari kilikaribia kile tunachoshauriwa leo. Kwa nyumba zetu somo linaangukia kikombe cha mama mjamzito na bakuli la uji wa mtoto. Mtoto wa miezi minane hajui kwamba uji bila sukari haunyweki. Huyo ni mtu mzima anayemkisia.

Hoja nzito kuliko zote ni ya mbeba magunia. Chai ya sukari na chapati ndiyo stafutahi yake, na kumwondolea sukari ni kumwondolea nguvu ya kazi. Lakini tazama bei. Vijiko vyake sita havifikishi kilokalori 100. Kilo ya unga wa mahindi ina nishati inayoikaribia ile ya kilo ya sukari, na kwa kawaida inauzwa kwa bei ya chini. Maharage na karanga vinaongeza protini ambayo sukari haina hata chembe. Familia ya watu watano wanaokunywa vikombe viwili vya vijiko vitatu kila mmoja inamaliza kilo tatu na nusu na zaidi kwa mwezi ndani ya chai peke yake. Mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zilipokwamisha uvunaji wa miwa Tanzania na bei ya kilo mtaani ikapita shilingi 4,000, hiyo ilikuwa zaidi ya shilingi 14,000 za chai, bila majani wala maziwa. Asiye na kitu, anayetia kijiko kimoja kwa sababu ndiyo raha pekee ya siku yake, sina la kumhubiria. Na anayehofia wakulima wa miwa wa Kilombero na Mtibwa akumbuke kwamba kwa miaka mingi nchi imekuwa ikiagiza sukari nje kuziba pengo. Matumizi yakipungua, ya kwanza kupungua yanaweza kuwa yale magunia ya melini.

Linabaki suala la ulimi, na hapa habari ni nzuri kuliko watu wanavyodhani. Watafiti wa vyuo vya London na Leeds waliwachukua wanaume 64 waliozoea chai yenye sukari. Wengine wakaacha mara moja, wengine wakapunguza kidogo kidogo kwa mwezi mmoja, wengine wakaendelea kama kawaida. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2019 yalionyesha kuwa zaidi ya theluthi ya watu katika kila moja ya makundi mawili ya kwanza waliishia kuacha kabisa, na chai yao haikuwachukiza kwa kukosa sukari. Kuacha ghafla na kuacha polepole kulikaribiana, kwa hiyo kila mtu achague kwa tabia yake. Jaribio jingine, la kituo cha Monell cha Philadelphia mwaka 2016, liliona kwamba watu waliopunguza sukari kwa miezi mitatu walianza kukisikia chakula kile kile kuwa kitamu zaidi ya awali. Halikuona kwamba walianza kupenda utamu mdogo; hilo lisemwe wazi, maana wauza semina hupenda kuliongezea.

Wanaotafuta njia ya mkato huhamia kwenye asali, sukari guru au juisi ya miwa ya kukamua papo hapo yenye ndimu na tangawizi. Mwili hauvitofautishi sana. Asali ni sukari kwa karibu asilimia 80, na glasi kubwa ya juisi ya miwa inashindana na soda. Vidonge vya utamu bandia vinamsaidia mgonjwa anayepimwa sukari ya damu kila siku, lakini mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito. Tangawizi, iliki, mdalasini na mchaichai ndivyo vya kuongeza, kwa kuwa kikombe chenye viungo vya kutosha hakiombi sukari kwa nguvu ile ile.

Kikwazo kikubwa, kwa maoni yangu, ni chupa ya chai. Katika nyumba nyingi sukari hutiwa kwenye sufuria, chai ikachujwa na kufungiwa kwenye chupa ikiwa imeshaamuliwa, na kila anayeketi mezani, mtoto, mjamzito, babu mwenye kisukari, anakunywa uamuzi wa aliyepika. Itoe sukari kwenye chupa, iweke mezani kwenye kikopo chake, na ghafla kila mtu ana vijiko vya kuhesabu. Wengine wataona ni ubahili, hasa mgeni akija, kwa kuwa chai ya mgeni kwetu hukolezwa. Lakini mgeni anayesogezewa kikopo na kijiko hajanyimwa kitu. Kwa mama lishe mambo ni magumu zaidi, na yeye hutia sukari jikoni kwa sababu nzuri ya biashara: kikopo kikikaa mezani, wateja watakifuta. Basi asikiweke mezani. Apunguze kijiko kimoja kwa kila kikombe anapotia sukari kwenye sufuria, na anayetaka zaidi aombe. Akiuza vikombe 60 asubuhi, kijiko hicho kimoja ni gramu 240 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni zaidi ya kilo sita ambazo sasa anazinunua kwa fedha zake.