Wiki ya Kwanza Ujerumani: Pesa Ipo, Lakini Haitoki

“Mum, nimelala njaa.” Mtoto alitua Berlin jana usiku, na leo ni Jumapili. Karibu maduka yote yamefungwa, labda yale ya stesheni kuu ndiyo yako wazi. Hakuna wakala kwenye kona.

Kabla hujauliza zile pesa za viza zimeenda wapi: tangu Septemba 2024, akaunti maalum ya mwanafunzi huwekwa euro 11,904 za mwaka, lakini yeye hutoa 992 tu kwa mwezi, tena akishafungua akaunti ya benki huko. Hiyo huchukua muda. Kwa hivyo mfungashie euro taslimu za wiki mbili, si unga tu (unga pia, sawa).

Laini yake ya Kenya aende nayo, romingi ikiwa imewashwa. SMS za kuthibitisha miamala bado zitaingia huko.